Diski Zisizocheza: Kosa ni la Nani?

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tano

Wasomaji wengi wa gazeti hili walikuwapo siku ya usafi mkuu ya muhula huu, lilipotolewa stoo boksi la diski likawekwa nje ya ukumbi pamoja na viti vilivyovunjika na ramani zilizoliwa na mchwa. Ndani ya boksi hilo mna diski za mahafali, za michezo, za kwaya, na za wageni waliopata kuitembelea shule yetu kati ya mwaka 2005 na 2014. Kiranja mmoja alitwaa tatu akazijaribu katika deki ya ukumbini. Deki ilizizungusha, ikanung'unika kidogo, kisha ikaandika "No Disc". Hapo ikasemwa kwamba zote zimekufa, na boksi liende shimoni likachomwe. Kilichoziokoa ni mvua tu. Boksi likarudishwa stoo mbio mbio, na huko liko mpaka leo, likingoja usafi wa muhula ujao.

Mimi naona hukumu ile ilikuwa ya haraka mno. Diski tatu zilihukumiwa kwa ushahidi wa deki moja, tena deki kuukuu, na zile nyingine hazikuulizwa lolote. Nasema hivi si kwa kupenda ubishi, bali kwa kuwa jambo kama hili lilitupata nyumbani kwetu, nasi nusura tutupe kitu ambacho hakuna duka liwezalo kutuuzia kingine.

Mwaka 2008, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, mjomba alikuja kijijini kutoka Dar es Salaam na kamera ya video ya aina iliyokuwa ikipendwa siku hizo, ile inayorekodi moja kwa moja katika diski ndogo yenye upana wa sentimeta 8. Diski ya namna hiyo hubeba gigabaiti 1.4, yaani kama nusu saa ya picha za ubora wa kawaida. Mjomba alimketisha babu chini ya mwembe, akamwomba aeleze ukoo wetu ulikotoka na mipaka ya shamba, mti kwa mti na jiwe kwa jiwe. Babu akaeleza. Jioni ile wote waliitazama picha katika kioo kidogo cha kamera, wakacheka sana. Mjomba akaitoa diski, akamkabidhi bibi, akarudi mjini. Haikupita miezi mingi kamera ikaibwa ndani ya basi.

Bibi alikuwa na deki yake, na mpaka leo anayo. Kila alipoitia ile diski ndogo, deki ilisema hakuna diski. Babu alifariki mwaka 2013. Mimi nilikuwa na miaka sita. Uso wake naukumbuka, sauti yake siikumbuki hata kidogo. Tangu siku hizo diski ikakaa katika kopo la majani ya chai pamoja na kadi za kliniki na risiti za kodi, na kila fundi aliyepita kijijini alionyeshwa. Mmoja aliipaka dawa ya meno akaisugua kwa kitambaa mpaka ikang'aa kama sufuria ya harusi. Wa pili akasema tatizo ni deki, akabadilisha lenzi, akalipwa, na deki ikaandika maneno yale yale. Wa tatu alisema itupwe. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mwenye kamera alimaliza kazi yake.

Sasa naomba mnivumilie nieleze jinsi diski hizi zilivyo, maana bila hayo hatutapatana. Diski ya filamu tunayonunua dukani hupigwa chapa kiwandani. Vishimo vidogo sana hubanwa katika plastiki, na diski hutoka huko ikiwa kamili, na orodha ya vilivyomo imekwisha kuandikwa. Diski tunayorekodi wenyewe si hivyo. Ndani yake mna utando wa rangi, na mwanga mkali wa leza huichoma rangi hiyo alama baada ya alama. Ndiyo sababu watu wetu husema "kuchoma" diski, na kwa hakika neno hilo limekaa mahali pake. Mtu arekodipo, mashine huacha orodha ya vilivyomo bila kuiandika, kwa kuwa haijui kama kesho ataongeza kitu. Siku atakaposema amemaliza, ndipo mashine huandika orodha hiyo na kuweka alama za mwanzo na mwisho. Kazi hiyo huitwa kufunga diski, na katika kamera na deki nyingi za kurekodi utaikuta imeandikwa "Finalize". Huchukua dakika chache tu.

Diski isiyofungwa huchezeka katika mashine iliyoirekodi, maana mashine hiyo yajua ilipoishia. Deki nyingine, hasa ya zamani, huanza kwa kuchungulia duara la ndani kabisa karibu na tundu, ikitafuta orodha. Isipoiona, husema hakuna diski. Haisemi uongo, yasema kile ilichokiona. Ni sawa na karani anayepokea barua isiyo na anwani: barua ina maneno mengi ndani, lakini yeye hajui aipeleke wapi.

Basi mjomba alikuwa hakufunga. Aliona picha katika kioo cha kamera, akaridhika, akaondoka. Dakika tano za kazi iliyoachwa zimetugharimu miaka kumi na zaidi.

Diski ambayo haikufungwa yafaa irudishwe katika mashine iliyoirekodi ikafungwe huko, au katika mashine ya aina ile ile, na mambo huishia hapo. Sisi kamera yetu ilikwenda na mwizi. Likizo ya Desemba niliichukua diski nikaenda nayo kwa kijana mmoja mwenye kompyuta pale senta. Kwanza tuliinamisha upande wa chini kwenye mwanga wa dirisha. Hapo nikaona jambo ambalo mtu yeyote aweza kuliona bila kuwa fundi: kutoka katikati kuelekea nje palikuwa na duara pana lenye rangi iliyozidi kidogo, na ukingoni rangi ilikuwa hafifu. Mahali palipozidi ndipo leza ilipopita. Diski tupu haina duara hilo. Kwa hiyo kabla hata ya kuwasha kompyuta nilijua kwamba babu yumo.

Kompyuta ina faida moja juu ya deki: yaweza kuambiwa isingoje orodha. Ziko programu za kuokoa diski, nasi tulitumia iitwayo IsoBuster, ambayo baadhi ya kazi zake hulipiwa. Husoma kipande baada ya kipande kutoka mwanzo, ikitafuta yenyewe palipo na picha. Ilitoa dakika 27. Niliisikia sauti ya babu kwa mara ya kwanza kwa akili yangu ya mtu mzima, katika chumba cha kuchapia barua, huku wateja wawili nyuma yangu wakigombania zamu ya kupiga picha za paspoti.

Ningependa kusema kwamba habari iliishia hapo, lakini haikuishia. Kijana yule alichoma nakala, akanipa, nikapanda pikipiki kwenda kwa bibi kwa furaha kubwa. Deki ikaikataa. Bibi hakusema neno. Alirudi jikoni tu. Usiku ule nililala vibaya.

Kesho yake nilirudi senta, na hapo ndipo nilipojifunza nusu ya pili ya somo. Kijana alikuwa amechukua faili la MP4 akalitupia katika diski kama lilivyo, kama mtu atiaye nyaraka katika bahasha. Kompyuta husoma diski hiyo bila shida. Deki nyingi za miaka ya mwanzo haziwezi. Zenyewe zajua lugha moja tu: picha za MPEG-2, zilizopangwa katika folda iitwayo VIDEO_TS, na kwa nchi zetu zinazofuata mfumo wa PAL, zenye mistari 576 na picha 25 kwa kila sekunde. Mtu akitaka deki ya namna hiyo imwelewe sharti aseme nayo kwa lugha hiyo. Iko programu ya bure iitwayo DVDStyler ifanyayo kazi hii yote. Unaipa faili, nayo inalitafsiri na kulipanga.

Tena alitumia diski ya DVD+R. Wengi wetu hatuoni tofauti kati ya kijistari na alama ya kujumlisha, lakini deki za zamani huiona. DVD zilianza kuuzwa Japani mwaka 1996, na diski ya DVD-R ya kurekodia ikafuata mwaka 1997. Makampuni hayakuelewana, na kundi jingine likaleta DVD+R mwaka 2002. Deki iliyotengenezwa kabla ya mgeni huyo kubisha hodi huenda isimfungulie mlango. Ipo hila ya kuitibu: kila diski ina maandishi madogo yanayotaja aina yake, na kompyuta nyingine zaweza, wakati wa kuchoma DVD+R, kuandika humo kwamba ni DVD-ROM, yaani diski ya kiwandani. Deki huamini, ikacheza. Mimi sipendi uongo, lakini uongo huu sijaona umdhuru mtu. Kwa DVD-R hila hiyo haifanyiki, kwa kuwa maandishi yake yamewekwa tangu kiwandani. Wala kwa kawaida haihitajiki, maana deki kuukuu huipokea DVD-R kuliko nduguye.

Mara ya tatu tulitumia DVD-R, tukaipanga video kama ipasavyo, na badala ya kuchoma kwa kasi ya 16 tukachoma kwa kasi ya 4. Wako wasemao kwamba kadiri kasi ilivyo ndogo ndivyo diski inavyokuwa bora. Si kweli kila mara, kwa sababu diski za siku hizi zimeundwa kwa kasi kubwa. Lakini mbio za mwisho kabisa si nzuri kwa deki yenye lenzi iliyochoka, nami kwa kawaida huchagua 4 au 8. Kisha tukaifunga.

Bibi aliketi kwenye mkeka. Babu alipotokea akasema, "Hamjambo wote," bibi akaitikia, "Hatujambo, mzee." Mjomba alikuwapo. Alitazama mpaka mwisho bila kusema kitu, na mti alioutaja babu kuwa mpaka wa upande wa mtoni ulikuwa umekatwa miaka mingi iliyopita, lakini kisiki chake kipo, na sasa twajua ni kisiki cha mti gani.

Turudi shuleni. Nilimwomba mtunza stoo ruhusa, naye, kwa wema wake, akaniacha nitazame diski kumi na mbili za juu ya boksi, mchana, karibu na dirisha. Saba zilikuwa DVD-R zenye duara la kurekodiwa lionekanalo wazi. Hizi nadhani ama hazikufungwa ama zina mafaili matupu. Mbili zilikuwa DVD-RW, zile zinazoweza kufutwa na kutumika tena. Juu ya hizi yafaa niseme neno. Diski ya kiwandani yenye tabaka moja hurudisha kati ya asilimia 45 na 85 ya mwanga wa leza. DVD-RW hurudisha kati ya asilimia 18 na 30 tu. Deki ya zamani huiona kama mtu aonavyo maandishi ya penseli wakati wa magharibi. Deki hiyo hata ikisafishwa namna gani, huenda isiisome, na dawa yake ni kuihamisha kwa kompyuta katika DVD-R, basi.

Diski moja ilibandikwa karatasi yenye nembo ya shule, upande mmoja ukiwa umevimba kwa gundi. Aliyeibandika alitaka kuipamba, lakini diski huzunguka kwa kasi kubwa, na karatasi isiyokaa sawa huifanya iyumbe hata leza ipotee njia. Nyingine mbili zilikuwa zimepauka kwa jua. Kwa hizo sina la kusema; rangi ikiisha, imeisha, nami sitaki mtu adhani nadai kwamba kila diski hufufuka.

Lakini juu ya mojawapo ya zile saba pameandikwa kwa wino: "Mahafali 2009. Hotuba ya Mwalimu wa Hisabati." Ni yule mwalimu ambaye jina lake lipo katika ubao wa maktaba, aliyefundisha hapa zaidi ya miaka ishirini, na ambaye amekwisha fariki. Walimu wetu wawili walikuwa wanafunzi wake, nao wakimtaja hucheka, kisha hunyamaza. Sisi hatumjui ila kwa ubao. Diski hiyo nusura ichomwe kwa sababu deki ilisema hakuna kitu.

Nimewaeleza wenzangu haya bwenini, nao wamenijibu mambo mawili. Wengine wasema shule inunue deki mpya. Deki mpya ni kitu chema, kwa kuwa hukubali aina nyingi zaidi. Lakini diski isiyofungwa aghalabu huishinda deki mpya kama ilivyoishinda ya zamani, na fedha zitakuwa zimekwenda. Tena deki ya ukumbini ina kazi nzuri ambayo haifikiriwi. Ndiyo mtihani wetu. Diski ikicheza humo, itacheza kwa bibi yangu na katika nyumba nyingi wanakotoka wazazi wa wanafunzi wa shule hii.

Wengine wasema diski zimepitwa na wakati, kila kitu kitiwe katika simu. Hawa wana sehemu ya haki. Diski iliyorekodiwa nyumbani haidumu milele, na mtu mwenye busara atakapoiokoa ataweka nakala pia katika kompyuta na katika diski kuu ya nje. Walakini simu huibwa, huanguka chooni, na hubadilishwa kila baada ya miaka michache pamoja na vyote vilivyomo. Katika bweni letu nimeuliza nani ana picha alizopiga mwaka 2019 kwa simu ya nyumbani kwao. Walijitokeza watatu. Na bibi hana simu ya kioo, wala haitaki. Deki yake yamtosha, yeye ajua kitufe cha kuwasha na kitufe cha kucheza. Si haki kumwambia mtu wa umri ule ajifunze mashine mpya ili aweze kumwona mumewe.

Kwa hiyo kosa naliweka kwa anayerekodi. Anayepiga picha za harusi akapokea fedha yake, na anayerekodi mahafali ya shule akapewa chakula cha mchana na asante, wote wawili hawajamaliza kazi mpaka diski imefungwa na imecheza katika mashine isiyo yao. Mshona nguo hampi mteja gauni lisilotiwa pindo akamwambia akatafute sindano. Napendekeza kwamba kuanzia mahafali ya mwaka huu, mpiga video wa shule asilipwe mpaka diski yake imewekwa katika deki ya ukumbini mbele ya mwalimu wa zamu, ikachezwa mwanzo, katikati na mwisho. Nasema mwisho makusudi, kwa sababu makosa ya kuchoma mara nyingi hujificha ukingoni, ambako mtu hafiki akitazama dakika mbili za mwanzo tu.

Na juu ya boksi la stoo, namwomba Mkuu wa Shule akiruhusu Chama cha Sayansi kutumia kompyuta moja kila Jumamosi baada ya kufua. Hatuhitaji vingi: DVD-R ishirini, diski kuu moja ya nje, na kitambaa laini cha kusafishia. Wenzangu watakaosaidia wajue tangu sasa kwamba diski hufutwa kutoka tundu la katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha. Kwamba haiandikwi kwa kalamu ya biki yenye ncha kali. Na kwamba dawa ya meno ibaki msalani. Tutaanza na Mahafali 2009. Zikiisha za shule tutapokea za nyumbani, wakati wa kurudi kutoka likizo, na mwenye nayo aje nayo ndani ya kasha lake, si ndani ya kopo la majani ya chai.